Dereva Aliyekatazwa Kupona

Hadithi ndefu ina mabwana watatu. Wa kwanza ni fundi anayeitunga, wa pili ni mwenye mali anayeigharimia, na wa tatu ni msikilizaji anayeipenda. Fundi huileta duniani, mwenye mali huipa njia, na msikilizaji huipa umri. Mambo huenda vyema maadamu watatu hawa wanakubaliana. Lakini hadithi ikidumu miaka mingi, aghalabu hutokea siku ambayo mwenye mali anataka hivi, msikilizaji anataka vile, na fundi amesimama katikati kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili. Siku hiyo msikilizaji hukasirika. Wasioipenda hadithi ile huicheka hasira yake, kwa kuwa huiona kuwa ni hasira juu ya watu wasiokuwapo. Lakini katika nyumba moja ya Mabira, hasira ya namna hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20, wala haikuwa jambo la kuchekwa.

Mabira ni kata ya mkoa wa Kagera. Ilihesabiwa katika Karagwe mpaka wilaya ya Kyerwa ilipotengwa na kusimama peke yake mwaka 2012, na wazee wake wakiulizwa kwao ni wapi, hata leo wako wanaojibu Karagwe kabla ya kukumbuka Kyerwa. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na mibuni. Mwezi wa Julai kahawa huwa imeanikwa mbele ya nyumba, na kazi ya kuigeuza juani na kuichambua huwafaa wazee, kwa kuwa haitaki nguvu nyingi. Yataka macho na subira. Katika nyumba hiyo kazi ile ilikuwa ya bibi kizee mmoja, mjane, aliyemlea mjukuu wake tangu mtoto hajaweza kutamka jina la baba yake. Mjukuu alikua, akasoma, akaenda Dar es Salaam, na huko akapata riziki kwa kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Kila mwaka, kazi yake ikimruhusu, alirudi Mabira wakati wa mavuno.

Mwaka mmoja alirudi na kitu kipya. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha shule, kioo katikati na vishikio kila upande. Jioni alikaa nacho barazani, vidole vikienda mbio, na mara kwa mara alivuta pumzi na kunung'unika kama mtu aliyedhulumiwa sokoni. Bibi alimtazama siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu aliuliza.

“Wagombana na nani, mjukuu wangu?”

“Na watu wasionijua, Bibi. Wameharibu hadithi.”

“Hadithi ya nani?”

“Ya fundi bomba wa karatasi.”

Bibi hakucheka. Alisogeza kigoda chake karibu na ungo wa kahawa, akasema, “Basi nieleze. Mikono yangu ina kazi, masikio hayana.”

Mjukuu alieleza kama ifuatavyo. Kuna mtu wa kubuni aitwaye Mario, fundi bomba mwenye masharubu, aliyetungwa Japani katika kampuni ya Nintendo, na ambaye amekuwa akichezwa duniani kote tangu miaka ya 1980. Katika michezo yake mingi yeye hukimbia, huruka, na humwokoa binti mfalme. Hana maneno mengi, wala hayahitaji. Lakini mwaka 2000 ulitoka Japani mfululizo mwingine, Paper Mario, ambamo watu na miti na nyumba vyote vimekatwa kwa karatasi. Mfululizo huu ulikuwa tofauti na wenzake. Ulikuwa na masimulizi. Viumbe ambao katika michezo ya kawaida hukanyagwa tu na kupotea, humo walipewa majina, tabia, huzuni na mizaha. Katika mchezo wa pili, The Thousand-Year Door, uliotoka mwaka 2004, alikuwamo mzee mmoja aitwaye Bobbery. Huyu alikuwa bomu lenye masharubu, na kazi yake ubaharia. Alikuwa safarini wakati mke wake alipofariki. Huzuni na majuto vilimfanya aiache bahari kabisa, mpaka alipopelekewa barua aliyoandikiwa na marehemu.

“Bomu lenye mke?” Bibi aliuliza.

“Ndiyo, Bibi. Na lililia.”

“Endelea.”

Mwaka 2012 mambo yaligeuka. Ulitoka mchezo uitwao Sticker Star, na wapenzi wa zamani walipoufungua hawakuwakuta waliowazoea. Marafiki wa safari wenye sura na visa vyao walikuwa wameondoka. Wakazi wa miji walikuwa takriban wote wa namna moja, vichwa vya uyoga vilivyotofautiana kwa rangi tu. Sababu haikufichwa. Msimamizi wa kazi, Kensuke Tanabe, alieleza hadharani kwamba Shigeru Miyamoto, aliyemtunga Mario, aliwaambia mafundi mambo mawili: ya kwanza, kwamba hadithi haikuwa lazima; ya pili, kwamba kadiri iwezekanavyo watumie wahusika wanaojulikana katika ulimwengu wa Mario. Tanabe alieleza tena kwamba wachezaji walipoulizwa maoni yao juu ya mchezo uliotangulia, walioitaja hadithi yake kuwa ya kuvutia hawakufika asilimia 1. Mwaka 2016, mchezo uliofuata, Color Splash, ulipotangazwa, wapenzi kwa maelfu walitia saini zao kuomba usitolewe kabisa. Ulitolewa. Mwaka 2020, mchezo mwingine ulipotoka, Tanabe alisema wazi kwamba tangu siku za Sticker Star haikuwezekana tena kubadili sura za wahusika wa Mario wala kubuni wapya wanaogusa ulimwengu wake.

“Basi fundi alifungwa kamba,” mjukuu alimalizia. “Alikuwa na uwezo, Bibi. Tuliuona uwezo wake mwaka 2004. Akaambiwa usimpe mtu sura yake mwenyewe.”

Bibi aliendelea kuchambua kahawa. Punje mbovu aliziweka kushoto, nzima kulia. Kisha alisema, pasipo kuinua macho, “Hata sisi tulikuwa na mtu wetu aliyekatazwa.”

“Alikatazwa nini, Bibi?”

“Kupona.”

Mtu aliyemsema alikuwa Mkwaju. Watanzania walioishi miaka ya 1990 na kusikiliza Redio Tanzania watamkumbuka. Mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati ulianza mwezi wa Julai mwaka 1993, ukasikika mara 2 kwa juma, kila mara kwa nusu saa. Mkwaju alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mwenye mke nyumbani na mahawara njiani. Mke wake Tunu alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akamwacha, akaanza biashara yake ndogo, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Mkwaju aliendelea na njia zake, akaambukizwa virusi vya Ukimwi, akaugua, akafa. Hayo ndiyo mafupi ya habari iliyochukua miaka kusimuliwa.

Mchezo huo haukutungwa kwa kufuata matakwa ya mtungaji peke yake. Namna yake ilitoka mbali, Mexico, kwa mtu aitwaye Miguel Sabido, aliyetunga michezo ya televisheni yenye mafunzo katika miaka ya 1970. Kanuni yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Kwanza huandikwa orodha ya mafunzo ambayo jamii inayahitaji. Kisha wahusika hugawanywa katika mafungu matatu: wema ambao hutuzwa, wabaya ambao huadhibiwa, na wanaosita katikati ambao hujifunza polepole na kugeuka. Msikilizaji hutarajiwa kujiona katika hawa wa tatu. Namna hiyo ilikwisha kujaribiwa Kenya mwaka 1987 katika mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana, na Tanzania iliipokea kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mtungaji alikuwa huru katika maneno, mizaha, nyimbo na visa vidogo. Katika majaaliwa ya Mkwaju hakuwa huru. Mkwaju aliwekwa katika fungu la wabaya, na njia ya fungu lile ilikuwa na mwisho mmoja.

Hapana budi kukumbuka habari hiyo ilisikikaje Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, watu 3, walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Kabla ya jina la kitaalamu kuenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka kutoka Uganda. Jina la nguo lilipokuwa jina la kifo, wengi walikuwa wamekwisha kuzika. Mchezo ulipoanza mwaka 1993, nyumba nyingi za Kagera hazikuhitaji kufundishwa kwamba ugonjwa upo. Zilihitaji kujua kama kuna njia ya kutoka.

Nyumba ile ya Mabira ilikuwa mojawapo. Bibi alikuwa na mwana mmoja wa kiume, naye alikuwa dereva wa lori. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, watu zaidi ya 200,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja au mbili, na wengine wakaingia Karagwe. Chakula cha watu wengi kiasi hicho kilitaka malori, na malori yalitaka madereva. Mwana alipata kazi ambayo hakuwahi kuota kuipata, na mshahara aliouleta nyumbani uliezeka nyumba kwa mabati. Alioa, akapata mtoto. Kisha alianza kukonda.

Aliporudi nyumbani kuugua, alilazwa chumba cha ndani, na redio ilikuwa sebuleni. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiomba sauti iongezwe saa ya Twende na Wakati ilipofika. Bibi alidhani anataka kuchangamka. Baadaye alielewa kwamba mwanawe hakuwa akisikiliza mchezo, bali alikuwa akifuata habari za mgonjwa mwenziwe. Mkwaju alipokohoa redioni, chumba cha ndani kilinyamaza. Mkwaju alipopata nafuu kidogo, mwana aliomba uji. Bibi, ambaye hakuwa amekwenda shule, alianza kuomba usiku kwa ajili ya watu wawili, mmoja wa damu yake na mmoja wa redio.

Babu, wakati huo alikuwa bado hai, alimweleza kwamba mchezo ule ni mafunzo, na kwamba Mkwaju lazima afe ili watu waogope. Bibi alimjibu maneno ambayo mjukuu aliyasikia kwa mara ya kwanza jioni ile ya Julai.

“Nilimwambia babu yako, dawa hapa nyumbani haipo, na hospitali haipo, na Bukoba haipo. Lakini redioni dawa haina bei. Walau redioni wangemponya.”

Hawakumponya. Jioni Mkwaju alipofariki, mwana aligeukia ukutani. Bibi alitoa betri katika redio, akaifunika kwa kitambaa. Haikufungika tena katika maisha ya mgonjwa, wala baada yake. Mama wa mtoto alimfuata mumewe mwaka uliofuata.

“Lakini si kufa kwake tu kulikoniuma,” Bibi alisema. “Watu hufa. Jina ndilo lililoniuma. Kijijini walikwisha kuanza kuwaita madereva wote Mkwaju. Akipita dereva, watoto humwita Mkwaju. Mwanangu alipozikwa, nyuma ya migomba nilisikia mtu akisema, leo amezikwa Mkwaju mwingine. Mimi nilimpa jina langu mwenyewe. Wao wakampa la redio.”

“Kwa nini hukuniambia, Bibi?”

“Nilikuambia alikuwa dereva. Hilo lingine sikutaka ulirithi.”

Mtu anayetaka kutoa hukumu ya haki juu ya jambo hili atapata shida, kwa kuwa mizani ina uzito pande zote mbili. Upande mmoja yupo mama mwenye mgonjwa, aliyeomba tone la rehema katika hadithi na asilipate. Upande wa pili wapo watu ambao hakuwajua. Waliopanga mchezo walifanya jambo la busara: kwa miaka 2 ya kwanza hawakuurusha Dodoma, ili wapate mahali pa kulinganisha. Wataalamu walipolinganisha, waliona kwamba mahali mchezo uliposikika watu wengi zaidi walipunguza idadi ya wapenzi, na matumizi ya kondomu na ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Basi wako wanaume waliogeuza lori njiani kwa sababu Mkwaju hakuponywa, na wako watoto ambao baba zao wapo. Hakuna mtu awezaye kumwonyesha Bibi baba hao, kwa sababu aliyeokoka kwa kuonywa hajui kwamba aliokoka. Faida ya kamba ile haikuwa na sura. Hasara yake ilikuwa imelala chumba cha ndani.

Tena, katika mwaka ule wa 1993, kumponya Mkwaju kungekuwa uongo. Dawa ya kumrudisha mgonjwa kazini haikuwapo mikononi mwa watu wa Tanzania. Sir Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji wakalalamika, na baada ya miaka 10 akamfufua kwa maelezo kwamba hakuanguka kweli. Hapakuwa na mtu duniani aliyedhuriwa na ufufuo ule. Mtungaji wa Mkwaju hakuwa na nafasi hiyo. Kila msikilizaji ambaye angeamini kwamba dereva alipona, angeweza kurudi njiani akitegemea kupona.

Lakini mipaka nayo ina umri, kama watu. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Tangu hapo, hadithi isemayo kwamba aliyeambukizwa hana budi kufa si kweli tena, na anayeishikilia huwafukuza watu kliniki badala ya kuwaita. Wapo leo Kagera waliotumia dawa hizo miaka mingi, wakasomesha watoto na kuanika kahawa yao wenyewe. Ombi la Bibi, lililokuwa kosa siku alipoliomba, limekuwa sahihi. Mwana alizaliwa mapema mno, na ombi lilitangulia dawa. Amri iliyokuwa hekima katika mwaka mmoja yaweza kuwa ukatili katika mwaka mwingine bila kubadilishwa hata neno moja, na kazi ya mwenye mali ni kuitazama amri yake mara kwa mara, aone kama sababu yake ingali hai.

Mjukuu alinyamaza kitambo. Aliona haya kwa ajili ya manung'uniko yake, akataka kukizima kile kitu na kukiweka mfukoni. Bibi alimzuia.

“Usione haya. Uliyempenda ni baharia aliyekuwa mbali mkewe alipokufa. Sikushangaa. Nionyeshe hao wasio na sura.”

Mchezo uliokuwa kiooni ulikuwa wa mwaka 2020, The Origami King. Mjukuu alikuwa ameununua kwa shingo upande, akiwa amekwisha kuuhukumu kabla ya kuucheza. Alimwonyesha Bibi bomu moja dogo jeusi lenye miguu. Halikuwa na masharubu kama Bobbery, wala kofia, wala alama yoyote. Ukilitia katikati ya mabomu mengine elfu, mafundi wenyewe wasingelitambua. Lilikuwa na pungufu moja tu: halikuwa na utambi, wala kumbukumbu ya lilikotoka. Katika toleo la Kiingereza la Marekani huitwa Bobby.

Mjukuu alimsimulia Bibi yaliyompata Bobby. Yeye husafiri na Mario pamoja na msichana wa karatasi aitwaye Olivia. Ni mwenye maneno mengi na woga kiasi, tena rafiki mwema. Siku moja jiwe kubwa humwangukia Olivia, wala hapana nguvu ya kuliinua. Hapo kumbukumbu za Bobby humrudia: aliwahi kuwa na rafiki aliyefariki, akaachiwa utambi wa rafiki yule. Humwomba Mario amsindikize kwenda kuuchukua, wala hamwambii ni wa kazi gani. Akiisha kuupata, hurudi kwenye jiwe, huuwasha, na jiwe hupasuka. Bobby hayupo tena, na Olivia yu hai.

“Wachezaji wengi walimlilia,” mjukuu alisema. “Hata wale waliokuwa wamekasirika. Hata mimi.”

“Na alikuwa sawa na wenzake wote?”

“Sawasawa, Bibi. Hawakuruhusiwa kumpa hata kofia.”

Bibi aliliangalia lile bomu kwa muda mrefu. Huenda katika miaka yote ile hakuwa ameona mfano uliokaribia hivyo jambo lililomkaa moyoni. Fundi wa Japani alikatazwa kumpa kiumbe wake uso, naye akampa kitendo. Kofia na masharubu vilipoondolewa, kilichobaki cha kumtofautisha kilikuwa ni yale aliyoyapenda, aliyoyasahau na aliyoyatoa. Kamba ilikuwa fupi, lakini ilifungwa mguuni, na moyo ulibaki huru. Mkwaju kinyume chake alipewa uso, sauti, lori, mke na mji. Kamba yake ilifungwa moyoni. Aliweza kusema lolote isipokuwa lile ambalo lingemtoa katika fungu lake. Ndiyo maana jina lake lilikuwa jepesi kuvikwa mtu mwingine: kitu kilichotungwa kuwa mfano wa wengi, watu hukitumia kwa wengi, wala hawasimami kuuliza kama kinamfaa huyu.

Hapa ndipo kosa la wapenzi wenye hasira, na haki yao, vinapoonekana pamoja. Hukosea wanapodhani kwamba kila mpaka ni adui wa ufundi. Mpiga nanga wa Buhaya na Karagwe anaposimulia mashujaa wa kale, hadhira huujua mkasa kabla hajagusa uzi. Hana ruhusa ya kumwokoa aliyekufa wala kumwua aliyepona, na bado hadhira hukesha, kwa kuwa ufundi wake umo katika sauti, mpangilio wa maneno na kimya anachokiacha kati ya neno na neno. Mshairi wa pwani aliyefungwa na vina na mizani hajapata kuwa bubu kwa sababu hiyo. Mpaka wa namna hii ni kama ukingo wa mto: maji hayauchukii, kwa maana bila ukingo yangekuwa tope.

Lakini wana haki wanapolalamika kwamba wamekwisha kumpenda mtu na sasa wanapewa kivuli chake. Mwenye mali huhesabu walionunua na waliojibu maswali. Hesabu yake yaweza kuwa ya kweli, hata ile ya asilimia 1, wala haimwonyeshi mtoto yatima aliyemkuta katika baharia wa kubuni mtu wa kumwelewa. Anayependa hadithi ndefu ameiwekea amana ya miaka yake. Akiuliza amana yake iko wapi, haifai kuambiwa kwamba ni mchezo tu, kama ambavyo isingefaa Bibi kuambiwa kwamba ni redio tu.

Wala wenye mali si mawe. Mwaka 2024 Nintendo waliutoa upya mchezo ule wa mwaka 2004, ukiwa umetengenezwa kwa vifaa vya kisasa, na Bobbery akarudi na masharubu yake, barua yake na machozi yake. Ni kazi ya zamani iliyovikwa nguo mpya, wala si ahadi kwamba kamba imelegezwa. Lakini aliyedhani mlango umefungwa milele aliuona umefunguliwa kidogo.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya upande wa Rwanda. Mjukuu aliinuka kuikusanya kahawa kabla umande haujaanguka, akaanza kukunja turubai kutoka pembeni. Bibi alibaki na ungo wake. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyokatizwa jana:

“Baba yako hakuwa Mkwaju. Alikuwa akiogopa mbwa. Alipokuja na lori alisimama njiani akapiga honi mpaka nimtoke, kwa sababu ya mbwa wa jirani. Alipenda ndizi zilizochomwa kuliko zilizopikwa. Siku moja alimpakia mwanamke wa Kinyarwanda na watoto watatu, akakosa mshahara wa mwezi kwa ajili hiyo, hakuniambia. Nilisikia kwa wenzake msibani.”

Kisha alilitaja jina la mwanawe, lile alilompa mwenyewe siku ya kuzaliwa. Mjukuu alilijua kwa kuwa limeandikwa katika vyeti vyake vyote, lakini tangu alipopata akili hakuwahi kulisikia kinywani mwa Bibi. Aliacha turubai nusu limekunjwa, akakaa chini kando ya kigoda.

“Niambie mengine, Bibi,” alisema.

Kahawa ilibaki nje usiku ule, ikalowa umande, ikabidi ianikwe tena asubuhi.